Shule Iliyookotwa: Kisa cha Neno "Found"

Njiani kwenda kazini kwangu kuna kibao cha shule. Rangi nyeupe, maandishi ya bluu, jina juu, kaulimbiu katikati, na chini kabisa: "This school was found in 1974." Nimekipita miaka mingi bila kukijali. Siku moja foleni ikatukamata hapohapo, nikakisoma pole pole, nikacheka peke yangu ndani ya daladala hadi jirani akasogeza mkoba wake. Kibao kinasema shule ile iliokotwa mwaka 1974. Hakisemi ilipotea lini, wala aliyeiokota ni nani.

Tangu siku hiyo kosa hili naliona kila mahali: kwenye katiba za vikoba, kwenye historia fupi za makanisa, kwenye tovuti za kampuni zenye ofisi za vioo. Wala si kosa la mvivu. Ni kosa la mtu aliyesikiliza darasani. Mwalimu alimwambia "find" ikienda wakati uliopita inakuwa "found", basi, imeshafika, haitaki tena kubandikwa mkia wa "-ed". Kwa hiyo anapokutana na "founded" anaiona kama "wented", Kiingereza cha mtoto wa darasa la tatu. Anaukata mkia, anaridhika. Tena Kiswahili chetu kinamsukuma kwa nyuma. Sisi husema simba wanapatikana Serengeti, shule inapatikana Kilosa, na Kiingereza nacho hapo husema "are found" na "is found" bila taabu. Kutoka inapatikana hadi ilipatikana ni hatua moja tu, na mtu keshaingia shimoni.

Shimo lenyewe wamelichimba Waingereza, maana "found" si neno moja. Ni matatu, yaliyozaliwa na mama tofauti, yakaja kufanana sura ukubwani.

La kwanza ni hilo la kuona, kukuta au kuokota. Ni la nyumbani. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa kuja kuitawala Uingereza mwaka 1066, kitenzi kilikuwa "findan", na kitu kilichoonekana kilikuwa "funden". Wajerumani wanalo hadi leo, "finden" na "gefunden". Hilo halina makuu, tuliache.

La pili ndilo tunalolitafuta. Warumi walikuwa na neno "fundus", maana yake kitako cha kitu, ile sehemu ya chini kabisa: kitako cha chungu, sakafu ya bahari. Liliwahi pia kumaanisha shamba, na si ajabu, kwani ardhi ndiyo kitako cha mali yote. Kutokana na nomino hiyo wakapata kitenzi "fundare", kukipa kitu kitako, kukiwekea msingi. Wafaransa wakalirithi kama "fonder", na kwa kuwa mabwana wapya wa Uingereza walisema Kifaransa, kufikia miaka ya 1300 hivi Waingereza nao walikuwa wakisema "founden". Mwanzoni halikuwa neno la mikutano na mihuri. Lilinuka chokaa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, nyumba ya yule mtu mwenye akili inapigwa na mvua na pepo wala haianguki, "for it was founded upon a rock". Biblia yetu inasema "kwa maana misingi yake imewekwa juu ya mwamba". Watafsiri wote wawili walikuwa wanafuata Kigiriki, lakini tazama wetu alivyokaa palepale kwenye ujenzi. Hakuandika "iliasisiwa". Angeandika hivyo, nyumba ile ingekuwa na mwenyekiti na katibu.

Fundi mwashi wa kwetu angeielewa "fundus" bila kamusi. Yeye husema "leo tunachimba msingi". Msingi kwake, kabla haujawa zege na mawe, ni mtaro. Ni huko chini. Wanasiasa ndio waliotuharibia picha hiyo: siku hizi jiwe la msingi linawekwa ukutani, usawa wa macho, kwenye jengo ambalo limeshapauliwa, ili kamera ilione vizuri.

Na kabla sijasahau, kwa kuwa nimeulizwa zaidi ya mara moja: fundi wetu hahusiani kabisa na "fundus". Fundi ni Mbantu, wa ukoo mmoja na funda, funza na fundisha. Maneno mawili yakifanana sura hayawi ndugu, kama vile kila mtu mrefu unayekutana naye Kariakoo si mjomba wako.

Ndugu wa kweli wa "fundus" yumo ndani ya Kiingereza, amejificha chini ya sura nyingine. Ni "bottom". Wataalamu wa lugha walishaona zamani kwamba "f" ya Kilatini mwanzoni mwa neno mara nyingi hukutana na "b" ya Kiingereza: ndugu kwa Kilatini ni "frater", kwa Kiingereza "brother", kuvunja ni "frangere" na "break", kubeba ni "ferre" na "bear". Sauti zote hizo zilitoka kwenye lugha moja ya kale sana ambayo hakuna aliyeiandika, zikaenda njia mbalimbali. Hivyo "fundus" na "bottom" ni mtu na binamu yake. Waingereza walikuwa na kitako chao nyumbani tayari, kisha Wafaransa wakawaletea kingine cha Kirumi kilichovaa joho. Cha nyumbani kikabaki cha chungu na cha binadamu. Cha joho kikaenda vyuoni na ikulu.

Sasa, hayo mawili yalikutanaje? "Funden" ilikuwa na "u" kama ya kwetu katika neno kunde. Waingereza wakawa na mazoea ya kuivuta irabu inayotangulia "nd", ikawa ndefu, "fuunden". "Fonder" ya Kifaransa nayo kinywani mwao ikawa na "uu" ndefu vilevile. Halafu, baina ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, irabu zote ndefu za Kiingereza zikahama vyumba. "Uu" ikafunguka ikawa "au". Ndiyo sababu nyumba iliyokuwa "huus" sasa inasomwa "haus", panya aliyekuwa "muus" akawa "maus". "Pund" ya fedha ikapita njia hiyohiyo, na sisi tuliipokea ikiwa imeshageuka, ndiyo maana tunasema pauni wala si puni. Katika kuhama huko, kilichookotwa na kilichowekewa msingi vikajikuta chumba kimoja, jina moja, herufi tano zilezile.

Tofauti ikabaki mkiani tu. "Find" inakwenda "found" na kukomea hapo. "Found" ya kuasisi inaanzia pale mwenzake alipokomea, na ikienda wakati uliopita inakuwa "founded". Kibao cha ile shule kilihitaji herufi mbili tu.

Neno la tatu watu wengi hawajawahi kulisikia, nami ndilo ninalolipenda kuliko yote. Warumi walikuwa na kitenzi kingine kinachokaribiana na "fundare" kwa sura tu: "fundere", kumimina. Kikapita Ufaransa kama "fondre", kuyeyusha, kikaingia Kiingereza nacho kwa sura ya "found": kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu. Kwa Kiswahili hiyo ni kusubu. Kiwanda cha kusubu kinaitwa "foundry", na msubi anaitwa "founder", jina lilelile la mwasisi. Fonti unazochagua kwenye kompyuta zimetoka huko, kwa sababu herufi za kuchapia vitabu zilikuwa za risasi iliyosubiwa moja moja. Faneli ya kumiminia mafuta ya taa nayo imetoka kwenye "fundere", kwa njia ndefu kidogo. Kumtia mgonjwa damu, ambako Waingereza hukuita "transfusion", ni kuimimina kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Hata "confuse", kumchanganya mtu, mwanzoni ni kumimina vitu viwili chombo kimoja hadi visitambulikane.

Na ukitaka kuona fujo hiyo ilivyokamilika, chukua "fund" na "refund". Mtu yeyote angeapa ni mtu na mtoto wake. Sivyo. "Fund" ni kitako, fedha iliyowekwa chini kama msingi wa shughuli. "Refund" ni ya kumimina: kukurudishia kwa kumwaga tena kilichokwisha kumiminwa. Fedha ile ile, ikitengwa ni ya baba mmoja, ikirudishwa ni ya baba mwingine. Sisi hatukuhangaika na yote hayo, tulisema mfuko tukamaliza.

London ilikuwa na kiwanda kimoja kinachoweza kumfundisha mtu haya yote kwa sentensi moja. Kiwanda cha kusubu kengele cha Whitechapel kilihesabu umri wake tangu mwaka 1570, na kilifanya kazi hadi 2017. Kwa Kiingereza ungesema "the foundry was founded", na maneno hayo mawili yanayofuatana hayana uhusiano wowote. La kwanza linamimina, la pili linachimba mtaro. Hapo ndipo ilisubiwa Big Ben, kengele kubwa ya saa ya Bunge la Uingereza, mwaka 1858, yenye uzito unaozidi tani 13, baada ya ile ya kwanza, iliyosubiwa kwingine, kupasuka. Na karne moja kabla ya hapo, mwaka 1752, kiwanda hichohicho kiliwapelekea watu wa Pennsylvania, Marekani, kengele ambayo baadaye dunia nzima iliijua kama Kengele ya Uhuru. Ilipofika Philadelphia ikapigwa kwa majaribio, ikapasuka. Wasubi wawili wa huko, Pass na Stow, wakaivunja, wakaiyeyusha, wakaisubu upya mwaka 1753. Majina yao yamo juu yake hadi leo, na ufa mwingine uliokuja baadaye pia umo. Wamarekani waliowaita waasisi wa taifa lao "Founding Fathers", jina lililoenezwa na Warren Harding, aliyekuja kuwa rais wao, katika hotuba ya mwaka 1916, walikuwa wanamaanisha neno la mtaro. Lakini alama yao kuu ya uhuru ni kazi ya neno la kalibu.

Nimeitaja kengele hiyo kwa makusudi. Kwa maoni yangu, mengi tunayosema yaliasisiwa, ukichunguza, yalisubiwa. Chukua TANU. Kila mwanafunzi wa Tanzania anajua tarehe, 7 Julai 1954, Sabasaba. Lakini waliokutana Dar es Salaam siku hiyo hawakuanza na uwanja mtupu. Walikutana kama wanachama wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichokuwapo tangu mwaka 1929, ambacho Julius Nyerere alikuwa amechaguliwa kukiongoza mwaka mmoja kabla. Walikiyeyusha chama kile wakakimimina kwenye kalibu mpya, yenye katiba mpya na shabaha ya wazi ya kujitawala. Madini mengi yalikuwa yaleyale. Tukisema wao ndio waasisi wa TANU tumesema kweli. Lakini waliochimba mtaro wa kwanza ni wale wa 1929, nao hawana sikukuu. Kwa Kiingereza angalau neno "founders" linaweza kuwachukua wote, wachimbaji na wamiminaji, bila mtu kugundua.

Ya mwaka 1977 iko wazi zaidi. TANU ya bara na ASP ya Zanzibar vilivunjwa, na tarehe 5 Februari kikapatikana chama kimoja. Hiyo ni "fusion" kamili, kuyeyushwa pamoja, nayo ni ya "fundere". Ila CCM yenyewe haisherehekei kuasisiwa wala kuunganishwa. Inasherehekea kuzaliwa. Wala si sisi tu tuliokimbilia uzazi. Rais Abraham Lincoln wa Marekani, pale kwenye makaburi ya vita ya Gettysburg, Novemba 1863, alipotaka kusema jinsi taifa lake lilivyoanza, hakutumia "found". Alisema mababu walileta duniani taifa jipya, lililotungwa mimba katika uhuru. Maneno ya leba. Nadhani nafahamu kwa nini: msingi ukishawekwa umewekwa, lakini kilichozaliwa kinaweza kukua, kuugua na kufa, na yeye alikuwa amesimama makaburini.

Kiswahili kimejipangia mambo haya kwa namna yake, na hapa ndipo mfasiri anapopata raha na tabu kwa pamoja. Asisi tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako "asas" ni msingi. Picha ni ileile ya Warumi, ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake. Kutoka mzizi huo tuna mwasisi, ambaye wengine humwandika muasisi, tuna asasi, na tuna taasisi. Hili la mwisho linanifurahisha. Kwa Kiarabu ni jina la kitendo, kule kuweka msingi kwenyewe. Kwetu kitendo kimegeuka kitu, chenye jengo na mkurugenzi. Na hivyo hasa ndivyo "foundation" ilivyofanya kwa Kiingereza: ilianza ikiwa kitendo cha kuchimba, ikaishia kuwa shirika linalotoa ufadhili. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere Foundation inapoitwa Taasisi ya Mwalimu Nyerere, tafsiri imekaa sawasawa hadi kwenye mizizi. Subu nalo, lile la wasubi, ni la Kiarabu, na huko asili yake ni kumimina. Warumi walikuwa na jozi ya kitako na kumimina, sisi tuna asisi na subu, ila zetu hakuna anayeweza kuzichanganya hata akiwa na usingizi.

Ugumu ni kwamba Kiswahili kinamdai mfasiri aamue ukubwa wa jambo. Kiingereza kinaweza "kufound" dola, benki au timu ya mpira ya mtaani. Kwetu mtu anayeuza vocha na maji ya kunywa hajaasisi kitu, amefungua duka. Kikundi kinaanzishwa au kinaundwa. Chombo cha serikali kinaundwa kwa sheria, neno ambalo wajenzi wa majahazi walikuwa nalo kabla ya bunge. Kuasisi kunataka uzito wa miaka: wengi hawaitwi waasisi siku ile ya mkutano, wanaitwa hivyo wakishazeeka, au wakishakufa na kilichoanzishwa kikiwa bado kipo. Kiongozi wa kimila na askofu wao hawaanzishwi, wanasimikwa, kama nguzo.

Hilo la nguzo linanipeleka kwa "establish", neno ambalo vibao vya busara zaidi hulitumia ili kukwepa balaa lote la "found". Asili yake ni "stare", kusimama. Hapo msingi hautajwi, kinachotazamwa ni kile kilichokwisha kusimama kisianguke. Ndiyo maana neno hilo linafanya kazi mbili ambazo mwanafunzi wetu huziona hazihusiani: kuanzisha chuo, na kubainisha ukweli mahakamani. Kwa hiyo ya pili tunasema thibitisha, na thibitisha nalo ni la Kiarabu, linatoka kwenye wazo la kusimama imara. Ukweli uliothibitishwa hautikisiki tena.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Warumi wenyewe, walipotaja kuasisiwa kwa mji wao, mwaka 753 kabla ya Kristo kwa hesabu yao ya jadi, hawakuzoea kusema "fundare". Walisema "condere". Na "condere" maana yake nyingine ni kuweka akiba, kuficha, hata kuzika. Kiingereza kimelirithi katika "abscond", kutoroka na kujificha, kama mweka hazina wa kikundi siku ya kugawana. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba siku Romulus, mwasisi wa Roma katika hadithi zao, alipoanza mji lilichimbwa shimo la mviringo, watu wakatupia humo malimbuko ya mazao, na kila mmoja akatupia konzi ya udongo wa alikotoka. Ndipo Romulus akafunga fahali na ng'ombe jike kwenye plau, akachora mtaro kuzunguka mahali pa ukuta. Kuzika kwanza, kujenga baadaye.

Nimebakiwa na sentensi moja, nayo ni ya London tena. Mwaka 1739 nahodha mstaafu Thomas Coram, aliyechoka kuona vichanga vimetupwa barabarani, alipata hati ya mfalme ya kuanzisha nyumba ya kuwalelea. Iliitwa Foundling Hospital. "Foundling" ni mtoto wa kuokotwa, wa neno la kwanza, "find". Coram ndiye mwasisi, wa neno la pili. Kwa hiyo "the Foundling Hospital was founded" inabeba maneno mawili tofauti, na yule mwandishi wa kibao cha shule angeisoma akadhani mtu kajirudia. Ila nyumba ilipofunguliwa mwaka 1741, watoto waliopokelewa kwa sehemu kubwa hawakuokotwa popote. Waliletwa na mama zao mkononi, na wengi wa akina mama hao waliacha alama ya kumtambulia mtoto endapo wangeweza siku moja kumrudia: kipande cha kitambaa, sarafu iliyochongwa, kifungo. Baadhi ya alama hizo zimehifadhiwa London hadi leo, hazikurudiwa.